Kibao Namba Nne

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, na siikumbuki kwa kupenda. Ilikuwa saa nne ya asubuhi, jua la Voi limeshaanza kuchoma mabati, na mimi nilikuwa nimemaliza chai na andazi moja, natamani la pili. Nakutajia andazi kwa makusudi. Watu wakisimulia mambo ya msiba hutaka kila kitu kiwe kizito tangu mwanzo. Haikuwa hivyo. Ilikuwa Jumanne ya kawaida na mimi nilikuwa na njaa.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na moja, mtoto wa duka. Baba yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliuza vitambaa karibu na stesheni, na alitaka nikae nyuma ya kaunta nipime kanga kwa mkono. Mimi nikataka elektroniki. Hiyo ni miaka ya tisini, simu za mkononi bado, na kompyuta ya chuo ilikuwa moja tu, imefungiwa ofisini kwa prinsipo, mkuu wa chuo, imefunikwa kitambaa kama maiti. Nyinyi mnaocheka mkisikia hivyo, chekeni tu. Tulichokuwa nacho kilitosha kutuharibia maisha.

Pale chuoni, mwaka wa mwisho, kila wanafunzi wawili walitakiwa kubuni kitu na kukitengeneza kwa mikono yao mpaka kifanye kazi. Ule tuliuita mradi. Watahini walikuja kutoka Nairobi, wakasimama mezani kwako, wakakwambia, "Washa." Kisipowaka, umefeli mwaka mzima.

Mwenzangu alikuwa Mwadime, wa kule mlimani Sagalla. Mrefu, mpole wa kusema, mkono mwepesi kwenye waya kuliko sote darasani. Alikuwa mtoto pekee wa mama yake, baba alikwisha kufariki. Wengine walibuni kengele za mlango na taa za kuwakawaka. Mwadime alikuja na karatasi yake imekunjwa mfukoni, akaikunjua mbele yangu.

"Salim, mimi sitaki kengele. Kwetu nani atabisha hodi kwa kengele? Mimi nataka kitu cha ndovu."

"Ndovu?"

"Mwaka jana walikula mahindi ya mama yote. Yote, bwana. Mama alipiga sufuria mpaka sufuria ikatoboka."

Basi tukabuni mashine ya ua wa umeme. Sitakuchosha na mchoro wake. Inachukua umeme mdogo wa betri ya gari, inaukuza, inauweka akiba kwenye kapasita, kisha inauachilia kwenye waya wa ua kidogo kidogo, pigo moja, pigo jingine. Ndovu akigusa anapata mshituko, anageuka anakwenda zake. Pigo la kwenye ua haliui. Ila ile kapasita yenyewe, mwanangu, ile tuliyoitoa kwenye mitambo chakavu, kubwa kama kopo la maziwa ya unga, hiyo ni jambo jingine. Ukizima mashine, kapasita inabaki imeshiba. Inakaa kimya pale, haina taa, haina sauti, na ukiigusa inakumwagia yote kwa mara moja. Kwa hiyo huwekwa rizista ndogo ubavuni mwake, ya kuinyonya polepole mpaka iishe. Ile rizista niliilehemu mimi. Kumbuka hilo.

Karakana yetu ilikuwa mikononi mwa Mzee Ochieng. Hakuwa mwalimu, alikuwa fundi tu, lakini tulimwogopa kuliko walimu. Alikuwa amefanya kazi reli miaka mingi upande wa ishara, kabla ya kuhamia chuoni. Huko reli, palipokuwa na njia moja tu, dereva wa treni hakuondoka stesheni mpaka apewe mkononi kipande cha chuma. Mwenye kipande ndiye mwenye njia. Bila kipande, hata umwambie nini, treni haiendi. Mzee Ochieng aliichukua kazi ile akaileta kwetu. Alichonga vibao vya mbao, akavipaka rangi nyekundu, kila meza na kibao chake chenye namba, na kila kibao na msumari wake ukutani.

Sheria ilikuwa hii. Ukitaka kutia mkono ndani ya mashine, mwenzako lazima azime, achukue mita, apime kapasita, aone sindano imelala kwenye sufuri. Akishaona, anatoa kibao ukutani anakupa mkononi. Unakitia mfuko wa shati. Ukimaliza, wewe mwenyewe unakirudisha. Mzee alikuwa akituambia kila Jumatatu, mpaka tukawa tunamwigiza sauti, "Kibao si mbao. Kibao ni macho ya mwenzako." Tulicheka sana, wajinga sisi.

Sasa ile Jumanne. Watahini walikuwa waje Alhamisi. Mashine ilikuwa inafanya kazi, imebaki waya mmoja wa kubadilisha ndani, na mimi nilikuwa nimeshikwa na ugonjwa wa urembo. Nilikuwa nimetengeneza sanduku la plaiwudi, nimelipiga vanishi, na sasa nilikuwa naandika majina yetu kwenye kifuniko kwa wino, herufi moja moja, ulimi nje. Wenzetu walikuwa bado nje kwenye chai. Mwadime akainama juu ya mashine, akasema, "Salim, nipe kibao, nibadilishe ule waya tumalize."

Mashine niliizima kabla ya chai. Nusu saa ilikuwa imepita. Rizista ilitakiwa kuinyonya kapasita kwa dakika chache tu. Mita zilikuwa mbili karakana nzima, na ya karibu ilikuwa meza ya mwisho kule dirishani, imezungukwa na nyaya za watu. Na wino ulikuwa unakauka kwenye kalamu. Unaona zilivyo sababu zangu? Zote ndogo. Miaka yote hii nimezitafuta kubwa sikuzipata.

Nikanyoosha mkono ukutani, nikatoa kibao namba nne, nikampa.

Akakishika. Akaniangalia. "Umepima?"

"Chukua bwana, nimepima."

Akakitia mfukoni.

Sikusikia ukelele. Nilisikia kishindo kidogo, mfano wa mtu kupiga meza kwa kiganja, kisha nikasikia kiti kinaanguka. Nilipogeuka alikuwa chini, macho wazi. Nilimwita. Nilimtikisa bega. "Mwadime. Mwadime, acha mchezo." Nikaweka sikio kifuani kwake, na hapo, mwanangu, hapo sikio langu likagusa kile kibao ndani ya mfuko wa shati.

Nakwambia jambo ambalo kwa muda sikuweza kujiambia hata mwenyewe. Kabla sijaita watu, kabla sijapiga hata kelele moja, niliingiza vidole viwili mfukoni mwake, nikakitoa kibao, nikakirudisha ukutani. Kisha ndipo nikapiga yowe. Sikukaa kufikiri. Mikono ilikwenda yenyewe, na ilijua vizuri sana inachofanya.

Mzee Ochieng alikuja mbio akampiga kifua, akampulizia mdomoni, jasho likimchuruzika, mpaka likaja gari la chuo wakambeba. Hospitalini walimpokea wakamfunika tu.

Watu waliniuliza. Prinsipo aliuliza, polisi akauliza. Nikasema nilikuwa naandika kifuniko, nimempa mgongo, sikuona. Kibao kilikuwa ukutani, kila mtu alikiona. Basi hesabu ikawa nyepesi kwao: marehemu aligusa bila kibao. Wakaandika uzembe wa marehemu. Mimi nikatia sahihi.

Tulimzika Sagalla. Hakukuwa na maji ya kutosha hata ya kunawa mikono, majirani walikuwa wamechangia madumu, na watu ni wengi. Mama yake alikaa kwenye mkeka hakulia. Akasimama mtu wa chuo kusema maneno. Alisema vizuri mwanzoni. Halafu akatugeukia sisi vijana akanyoosha kidole. "Mmeona wenyewe. Sheria ipo kwa faida yenu. Mwenzenu angefuata sheria, leo tungekuwa naye." Wazee wakatikisa vichwa. Mama Mwadime akainamisha uso. Maskini, mtu amefiwa na mwanawe wa pekee, na mbele ya kaburi anafanywa somo. Nilikuwa nimesimama hatua tano kutoka kwake. Nilikuwa na mdomo. Sikuufungua.

Watahini waliahirisha wiki tatu. Walipokuja, nilisimama peke yangu mezani. Wakasema, "Washa." Nikawasha. Ikapiga vizuri kabisa. Wakasifu sanduku. Mmoja wao akapitisha kidole juu ya herufi za majina yetu mawili, akasema kazi safi. Wallahi nilitamani ardhi inimeze, na wakati uleule, nakwambia kweli, moyo ulinifurahi kidogo kwa kusifiwa. Mtu ni kitu cha ajabu.

Walipoondoka, Mzee Ochieng akaniambia nibaki. Akafunga mlango. Akanionyesha ukutani.

"Soma hizo misumari."

Nikaangalia. Kibao namba nne kilikuwa kimetundikwa, namba ikitazama ukuta, kwenye msumari wa namba saba, meza ya jirani ambayo kibao chake kilikuwa kimevunjika. Siku ile, kwa kiherehere cha kuficha, nilikosea msumari.

"Tangu siku ile kiko hapo," akasema. "Sijakigusa. Mwadime alikuwa kila siku anarudisha kibao yake namba nne, namba inaangalia nje. Hakuna siku alikosea. Kwa hivyo si yeye alirudisha." Sauti yake ilikuwa chini, na hiyo ilinitisha kuliko kama angepayuka. "Kama si yeye alirudisha, basi alikuwa amepewa. Na nani?"



Akavuta mashine yangu, akafungua lile sanduku la vanishi, akaigusa ile rizista ndogo kwa ncha ya bisibisi. Ikacheza. Lehemu yangu haikushika. Kwa macho ilikuwa inang'aa, lakini chini yake mguu wa rizista ulikuwa huru kabisa, haunyonyi chochote.

"Hii hapa ni makosa," akasema. "Makosa hata mimi nimefanya. Reli, mimi nimewahi kupindua ishara vibaya, Mungu akasaidia treni ikasimama. Kutopima pia ni makosa, makosa mabaya. Mtu ameuawa na hayo mawili. Lakini ile ya msumari, Salim, ile si makosa. Ile ulifanya ukijua. Mwadime ulimuua kwa bahati mbaya. Jina lake umeliua kwa kupenda."

Nikalia. Akaniacha nilie mpaka nikachoka, wala hakunishika bega. Kisha nikamuuliza, na nilikuwa na hasira, kwa nini kama alijua hakusema siku zote hizo.

"Nilikuwa nakungojea. Kila asubuhi nafungua mlango nikisema leo huyu kijana atakuja. Nilikosea kungoja, na hiyo yangu nitajibu mwenyewe." Akakitoa kibao kwenye ule msumari wa saba, akakitia kwenye mfuko wa koti. "Jumamosi tunapanda Sagalla."

Tulipanda kwa miguu, yeye mbele na umri wake, mimi nyuma. Tulimkuta Mama Mwadime anakoroga uji wa jirani mgonjwa. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia, "Marahaba," akaniangalia, akanijua. Akatafuta kiti akanipa. Akasema, "Wewe ndiyo rafiki ya mtoto yangu. Alikuwa anakutaja sana."

Sikuketi. Niliogopa nikiketi sitasema. Nikamwambia yote nimesimama, kuanzia wino mpaka vidole viwili mfukoni. Nilijiandaa kupigwa. Mwiko ulikuwa mkononi mwake, na uji unachemka.

Uji ukafurika, ukazima moto upande mmoja. Kisha akauliza jambo moja tu, "Kwa hivyo alikuwa na hiyo kibao?"

"Alikuwa nacho mama."

"Alikuuliza kama umepima?"

"Aliniuliza."

Akaweka mwiko chini. Akatoka uani, akaita majirani kwa majina, mmoja mmoja, kwa sauti ambayo sijaisahau. Wakaja wanawake, wakaja wazee wawili, wakaja na wale waliotikisa vichwa siku ya mazishi. Akawaambia, "Wiki zote hizi nikienda kisimani mnaninyamazia. Mnasema mtoto ya Mama Mwadime alikuwa kichwa ngumu. Sasa sikilizeni." Akanigeukia. "Sema tena."

Nikasema tena. Mzee mmoja alikuwa mgumu wa kusikia, nikasema mara ya tatu, kwa sauti kubwa, neno kwa neno: nilimdanganya, nilimpa bila kupima, nikamwibia kibao akiwa amelala amekufa. Hapo ndipo Mama Mwadime alipolia. Alilia kile kilio alichokuwa hakukilia kaburini, wanawake wakamshika huku na huku, na mimi nimesimama katikati ya ua mikono inaning'inia.

Alipotulia akanyoosha kiganja kwa Mzee Ochieng. "Iko wapi?" Mzee akampa kibao. Akakigeuza, akakifuta kwa kanga, akaingia nacho ndani. Tukasikia nyundo mara tatu. Aliporudi akaniambia, "Sasa nenda."

Nilitaka kumwambia kwamba nitamletea ile mashine, niifunge kwenye shamba lake kama Mwadime alivyotaka. Nikaanza kusema. Akanikata. "Hiyo usilete hapa. Heri ndovu." Msimu ule ndovu walikuja, na mahindi yake wakala.

Nilikwenda kwa prinsipo, nikaenda polisi, nikaandika upya. Sitaki ufikiri nilitukuzwa kwa kusema kweli. Cheti sikupewa, chuo walinifukuza, na baba alinisikiliza mpaka mwisho kisha akarudi kupanga vitambaa vyake. Kwa siku nyingi mjini nilipita watu wakinong'ona. Ilikuwa haki yao. Mimi ni fundi wa redio na televisheni hapa Voi mpaka leo, bila cheti, na kila Krismasi nilipanda Sagalla kumwamkia Mama Mwadime. Aliitikia, "Marahaba," kisha akaingia ndani akafunga mlango. Hakuniambia hata siku moja kwamba amenisamehe, na mimi sikumwomba, kwa maana niliona kumwomba ni kumtwika mzigo wangu. Alipofariki nilikwenda kumzika, nikapita sebuleni na watu wengine. Ukutani palikuwa na picha ya Mwadime na sare ya chuo, na kando yake kibao namba nne, kwenye msumari, namba inaangalia nje.

Kwa hiyo, mwanangu, wewe unayeanza kushika waya, na wewe usiyeshika waya pia, sikia ninachokuusia. Mwenzako akikuuliza umepima, maisha yake yameshaingia mkononi mwako. Kama hujapima, sema hujapima, hata kama wino unakauka. Acha aone uvivu wako, acha akucheke. Lehemu inayong'aa ivute kwa kidole uione kama imeshika. Na siku utakapokosea, maana utakosea, usiguse msumari. Acha kila kitu pale kilipo, piga yowe kwanza, na useme ni mimi. Kosa litakuumiza. Kulificha kutamuumiza mtu ambaye hakukukosea chochote, na huyo ndiye utakayemwona kila ukifumba macho. Mimi kwangu karakanani nimepiga msumari mmoja karibu na mita, nikaandika nne chini yake. Hauna kitu. Sijawahi kutia mkono kwenye chombo cha mtu kabla ya kuuangalia.

Mungu akulindie mikono yako, mwanangu, na ailinde mikono ya wale wanaokuamini. Akupe ulimi mwepesi wa kusema kosa lako kabla jua la siku hiyo halijazama. Na mama yako asisimame hata siku moja mbele ya watu akiwa ameinamisha uso kwa jambo ambalo hukulifanya. Amina.